Kisa cha Televisheni Iliyopofuka

Mwalimu wetu anayesimamia gazeti hili alitutaka kila mmoja aandike jambo moja alilojifunza nje ya darasa. Wenzangu wengi wameandika habari za safari, michezo na sherehe. Mimi sikusafiri popote. Nitaandika habari za televisheni ya mama yangu, jinsi ilivyoingia giza mwezi wa Januari mwaka 2024, na jinsi nilivyomwadhibu mtu asiye na kosa kwa ajili ya giza hilo.

Mama yangu ni mama lishe hapa mjini Dodoma, katika mtaa wa Nkuhungu. Anauza chai na maandazi asubuhi, na mchana wali kwa maharage na ugali kwa mlenda. Kibanda chake ni cha mabati, kina benchi nne na meza mbili, na juu ya meza ya tatu iliyo ukutani ndipo ilipokaa televisheni ya inchi 32, aliyoinunua kwa fedha za upatu. Watu wengine hudhani televisheni ni anasa. Kwa Mama ilikuwa mtumishi. Wateja waliokuja kusikiliza habari za saa mbili usiku walikunywa chai, na waliokuja kutazama mpira walikula wali. Sare yangu, madaftari yangu na viatu vya mdogo wangu vilitoka katika kibanda hicho.

Mwezi huo kulikuwa na mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, na timu yetu ya Taifa Stars ilikuwamo. Jumatano tarehe 17 tulicheza na Moroko, tukafungwa mabao 3 kwa 0. Pamoja na huzuni hiyo kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama nje, na Mama aliuza sufuria mbili za wali. Alituambia kwamba mechi mbili zilizobaki zikienda hivyo, atapata fedha ya kununua mabati mapya kabla mvua hazijazidi.

Siku ya pili yake mdogo wangu, aliyekuwa darasa la tano, alikuwa akichezea mpira wake mle kibandani. Mpira huo ulikuwa wa ngozi, aliupewa na mjomba wetu wa Morogoro, naye aliupenda kuliko kitu chochote. Akaupiga, ukagonga mguu wa meza, na televisheni ikatikisika. Haikuanguka wala haikuzimika. Nilimkaripia, akatoka nje, nami nikaendelea kutazama.

Ijumaa jioni umeme ulikatika na kurudi mara mbili. Uliporudi mara ya pili niliwasha televisheni. Ile taa ndogo nyekundu iliwaka, kisha kifaa kikawa kinaanza na kuacha, kinaanza na kuacha, muda mrefu kuliko desturi yake. Hata mwisho nikasikia sauti ya msomaji wa habari, na uso wake ukaonekana kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mara kioo kikawa cheusi. Sauti ikaendelea gizani kana kwamba hakuna lililotokea. Nikazima nikawasha, mambo yakawa yale yale.

Wateja wakaanza kunong'ona. Nami, badala ya kufikiri, nikasema kwa sauti kubwa, "Ni huyu na mpira wake!"

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Akasema, "Kaka, jana baada ya mpira iliendelea kuwaka. Wewe mwenyewe uliitazama mpaka usiku."

Huo ulikuwa ushahidi mzuri, lakini sikutaka kuusikiliza. Nilichukua kisu cha vitunguu, nikautafuta ule mpira chini ya benchi, nikautoboa mbele yake. Hakulia. Aliuokota, akautazama lile tundu, akaenda nao nyumbani. Tangu saa hiyo hakusema nami.

Jumamosi fundi mmoja wa mtaani alikuja. Hakufungua hata skrubu moja. Aliwasha, akatazama giza, akasema kioo kimekufa, na kioo kikifa hakuna dawa. Lakini kwa kumhurumia Mama atampa shilingi 20,000 aichukue. Mama alikaribia kukubali. Mwishowe akasema atalala kwanza na wazo hilo.

Jumapili tarehe 21, saa mbili usiku, tulicheza na Zambia. Kibandani tulikuwa sisi watatu na mzee mmoja asiyependa mpira. Wateja wetu wote walikwenda kwa jirani mwenye televisheni. Dakika ya 11 Simon Msuva alifunga bao, nasi tulilijua kwa kelele za watu waliokuwa upande wa pili wa barabara. Mpaka mwisho, Zambia iliposawazisha na ikawa 1 kwa 1, Mama alikuwa amekaa na sufuria nzima ya wali isiyoguswa. Mdogo wangu alikaa nje juu ya tofali, amenipa mgongo.

Jumatatu baada ya masomo tuliifunga televisheni katika khanga, tukapanda bajaji, Mama na mimi, tukaenda kwa mzee mmoja fundi karibu na Soko la Majengo. Mama alimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," naye akafurahi, nami nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Imepatwa na nini?"

"Imekufa, Mzee. Kioo kimekufa."

"Sikukuuliza hukumu," akasema. "Nieleze inafanya nini, na haifanyi nini."

Nikamweleza: taa nyekundu inawaka, inachelewa kuanza, sauti ipo, picha huonekana kidogo kisha huwa giza. Akaniuliza kama kabla ya hapo rangi ilikuwa imebadilika. Nikakumbuka kwamba tangu siku za Krismasi kona moja ya picha ilikuwa na rangi ya bluu, nami sikujali.

Yule mzee akaiwasha, akafunga mlango wa duka ili kuwe na giza, akachukua tochi na kuielekeza kwenye kioo kwa upande, karibu sana. "Tazama hapo penye mwanga," akasema. Nikainama. Kumbe picha ilikuwapo! Niliona kwa uhafifu mtu anatembea, na maandishi yanapita chini yake. Mama alishika mdomo.

"Haikufa," akasema yule mzee. "Imepofuka tu. Kioo cha namna hii hakina mwanga wake chenyewe. Ni kama pazia la dirisha linalofunguka na kufunga katika vitundu vidogo vingi sana, na mwanga hutoka kwenye taa zilizo nyuma yake. Taa hizo sisi mafundi tunaziita baklaiti. Zikizimika, pazia linaendelea na kazi yake gizani, wala hapana amwonaye."

Akatueleza kwamba yeye alianza na redio, maana Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Televisheni za kwanza alizozitengeneza zilikuwa na chupa kubwa ya kioo iliyong'aa yenyewe, na ndani yake mlikuwa na volti zaidi ya 20,000. Kisha zikaja za kioo chembamba zenye mirija ya mwanga nyuma, na baada yake hizi zenye taa ndogo za LED. Mwaka 2013, mitambo ya zamani ilipozimwa hapa Dodoma na matangazo yakawa ya dijitali, watu walimletea televisheni nzima wakisema zimekufa, kumbe zilihitaji king'amuzi tu. "Nimekwisha kuona maiti wengi waliokuwa wazima," akasema, akacheka.

Kisha akachomoa waya ukutani, akafungua mgongo wa televisheni. Vumbi jekundu la Dodoma lilikuwa limejaa katika matundu ya hewa kama unga. Nilitaka kuonyesha kitu kwa kidole, akanipiga mkono ukarudi nyuma. Aliweka ncha za mita yake kwenye kapasita moja kubwa kama betri ya tochi, na mita ikasoma volti 180, ingawa waya ulikuwa umekwisha chomolewa.

"Umeme wa nyumbani ni volti 230," akasema. "Ukiingia hapa hugeuzwa kuwa wa njia moja, nao hufika volti kama 325. Kapasita hii huuhifadhi kama mtungi. Ukichomoa waya mtungi haumwagiki mara moja. Wengi wameumia kwa kudhani kifaa kilichozimwa ni kifaa salama." Akachukua balbu ya zamani ya uzi iliyofungwa nyaya mbili, akaigusisha pale. Ikamweka mara moja, ikazimika. Akapima tena, mita ikasoma karibu na sifuri. Ndipo aliponiruhusu kusogea.

Alinifundisha kwamba ugonjwa wa kifaa hutafutwa kwa kuufuata umeme njiani, kama mtu anayetafuta bomba lililopasuka: huanza kisimani, si bombani. Kwanza alipima waya na fyuzi, vikawa vizima. Kisha akawasha kwa hadhari na kupima mahali umeme unapotoka kwenye ubao wa umeme, ambao mafundi huuita pawa saplai. Palitakiwa pawe na volti 12. Mita ikaonyesha 9, mara 10, mara 8, haitulii. Akanionyesha kapasita ndogo iliyovimba kichwa kama andazi, wenzake wakiwa na vichwa bapa. Alisema umri na joto ndivyo huzikausha, na vumbi lililoziba matundu ya hewa huongeza joto. Akaing'oa kwa chuma cha kulehemu, akatia mpya ya kipimo kile kile, akiangalia sana upande wa hasi na upande wa chanya.

Tulipowasha, volti 12 zikatulia, na televisheni ikaanza upesi bila kusitasita. Sauti ikaja. Picha ikaonekana mara moja, ikapotea. Giza lile lile. Nikasema, "Basi, Mzee, kazi imekuwa bure."

"Si bure. Ugonjwa wa kwanza ukipona, ndipo unapouona wa pili vizuri."

Akahamisha ncha za mita kwenye waya zinazokwenda kwa zile taa za nyuma. Akaniambia nisome kwa sauti. Alipowasha, tarakimu ziliruka zikapita 80, kisha zikaanguka. Akafurahi kuona hivyo. "Ubao unatoa umeme, tena kwa bidii, lakini hakuna anayeupokea. Kwa hiyo hujizima ili usiungue. Njia imekatika mbele yake. Mtu asiyepima angenunua ubao mpya, na giza lingebaki pale pale."

Kazi iliyofuata ilikuwa ya hofu. Kioo chenyewe ni chembamba, nacho huvunjika kwa kupindwa kidogo tu. Alitandika blanketi safi, tukanawa mikono, tukakinyanyua watu wawili kwa pamoja, yeye upande huu na mimi upande ule, bila kuvuta vile vipande laini vya waya vilivyo ukingoni. Chini yake mlikuwa na karatasi nyeupe za kusambaza mwanga, akazipanga kwa utaratibu wake ili zirudi kama zilivyotoka. Chini kabisa tukaona mistari mitatu ya bati, kila mmoja una taa sita, jumla taa 18, zote zimefungwa moja nyuma ya nyingine kama wanafunzi mstarini. Kila taa inahitaji volti 3 hivi, na 3 mara 18 ni 54.

Akagusa taa moja moja kwa kifaa chake cha kupimia. Ya kwanza ikawaka, ya pili ikawaka. Tulihesabu pamoja mpaka tukamaliza. Taa 17 ziliwaka. Moja haikuwaka, na katikati yake palikuwa na doa jeusi dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Taa hiyo moja ndiyo iliyotia kibanda chetu gizani, kwa kuwa umeme hupita katika taa zote kwa zamu, na mmoja akikata njia wote hukosa.

Mama aliuliza kama haiwezekani kubadilisha ile moja tu ili kupunguza gharama. Mzee akamwonyesha jinsi taa nyingine zilivyobadilika rangi kuwa za kahawia. "Inawezekana, mama, lakini hizi zimeungua kwa moto ule ule. Baada ya mwezi utarudi hapa na nyingine." Basi Mama akalipa shilingi 30,000 kwa mistari mitatu mipya na 15,000 za kazi. Zilikuwa fedha za mabati. Lakini alikumbuka kwamba siku mbili kabla yake alikuwa karibu kuiuza televisheni nzima kwa shilingi 20,000.

Jumanne ilikuwa tayari. Mzee aliiwasha, picha ikajaa kioo chote, nyeupe na safi. Kisha akafungua mpangilio wa picha kwa rimoti, akasimama.

"Nani aliyeweka mwanga 100?"

Nilinyamaza. Nilikumbuka vizuri. Siku za Krismasi jua lilikuwa kali, na kwa kuwa kibanda kiko wazi upande wa mbele, wateja walilalamika kwamba picha haionekani mchana. Nilishika rimoti nikapandisha mwanga mpaka mwisho. Picha ikang'aa, watu wakanisifu, nami nikajiona fundi. Usiku sikuirudisha, wala kesho yake.

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, je, mpira ukigonga meza waweza kuua taa kama ile?"

"Mpira hupasua kioo, nawe ungeuona ufa. Au hulegeza waya, nayo ingezimika pale pale. Taa ile haikufa kwa kishindo. Imekufa kwa joto, tena kidogo kidogo, wiki nyingi. Ile bluu uliyoiona kona ilikuwa inakuambia."

Akaishusha mpaka 50, akaniambia tugeuze meza ili kioo kisitazame jua. Gharama ya kugeuza meza ni sifuri.

Njiani sikusema neno. Tulipofika nilimwita mdogo wangu, nikasimama mbele yake na mbele ya Mama, nikasema kwamba ni mimi niliyeiunguza televisheni na kwamba mpira nimeutoboa bure. Ilikuwa vigumu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Mama hakunigombeza. Alisema, "Mpira wa mwenzio utaulipa kwa jasho lako, si kwa fedha yangu."

Jumatano tarehe 24 tulicheza na Kongo, saa tano usiku. Kibanda kilijaa tena, na wali ukaisha kabla ya mapumziko. Mchezo ulikwisha 0 kwa 0, nasi tukatoka katika mashindano tukiwa na pointi 2. Watu walisikitika, lakini Mama alikuwa akihesabu sarafu. Mdogo wangu alitazama akiwa amekaa benchi ya mbali nami.

Mwezi wa Machi nilipata kibarua cha kuchuma zabibu siku za Jumamosi. Kwa ujira huo nilinunua mpira wa ngozi. Nilipompa aliugeuzageuza, akaubana kwa mikono miwili kupima upepo wake, akasema, "Asante, kaka," akakimbilia uwanjani. Jioni alirudi, akanisimulia mabao aliyofunga. Ule wa zamani hakuutupa. Umetundikwa ukutani juu ya kitanda chake, nami nauona kila ninapoamka.

Miezi michache baadaye Mwalimu wetu wa Fizikia alichora ubaoni taa zilizofungwa kwa mfululizo, akauliza kitatokea nini moja ikikatika. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alitueleza pia kwamba Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura mzaliwa wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuvumbua taa ya LED ya bluu, na kwamba taa nyeupe nyingi ni za bluu zilizopakwa unga wa rangi ya manjano. Ndipo nilipofahamu ile bluu ya kona: unga ule ulikuwa unaharibika kwa joto.

Wanafunzi wenzangu, sikuandika haya ili mkafungue televisheni za wazazi wenu. Nimesema habari za ule mtungi wa umeme, na aliyeusikia asirudie kuuliza. Lakini kutazama kwa tochi hakuhitaji bisibisi, na kuuliza kitu kinafanya nini na hakifanyi nini hakuhitaji fedha. Kama Ijumaa ile ningejiuliza maswali hayo mawili, ningejua kwamba sauti ipo na picha ipo, na kwamba kifaa kilikaa siku nzima kizima baada ya mpira. Nilikuwa na ushahidi wote mkononi, nikachukua kisu.

Televisheni ya Mama inawaka mpaka leo. Mwanga uko 50, na kila Jumamosi mdogo wangu na mimi tunafuta vumbi katika matundu yake ya hewa.

Mwanafunzi wa Kutwa